Koma si kituo

Tuliimba bila kinanda, wimbo wa beti tano. Tulipomaliza, kiongozi wetu wa kwaya akabonyeza do kwenye kinanda: tulikuwa tumeshuka nusu toni nzima. Akalaumu sauti ya kwanza, yaani sisi. Nilirudi nyumbani na hasira, nikachukua kalamu.

Tuanze na do yenye mitetemo 64 kwa sekunde. Sol iliyo safi hutetema mara moja na nusu zaidi: 96. Tukiendelea kupanda kwa kipimo hicho tunapata re 144, la 216, mi 324. Tuishushe mi hiyo oktava mbili, yaani tuigawe kwa 4: ni 81. Lakini mi inayotulia vizuri masikioni pamoja na do hufuata uwiano wa 5 kwa 4, nayo ni 80. Mi mbili, na hakuna iliyokosewa! Tofauti hiyo ya 81 kwa 80 huitwa koma.

Neno lenyewe ni la Kigiriki, maana yake kipande kilichokatwa. Waingereza wameipa alama ya mkato jina hilohilo. Katika Kiswahili koma ni kuacha, na hapo ndipo mwanafunzi hupotea, kwa sababu koma hii haiachi kitu. Hata kipimo chake kilitoka kwa mtu wa lugha: Alexander Ellis, mwanafonetiki Mwingereza wa karne ya 19, aliyeigawa oktava katika senti 1200. Koma ni senti 21 na nusu hivi.

Sasa wimbo wetu. Katika kila ubeti besi hupita do, la, re, sol, kisha do. Kila hatua ikiimbwa safi kutoka kwa ile iliyotangulia, do ya mwisho huwa chini ya ile ya kwanza kwa koma moja. Beti tano ni senti 107, na nusu toni ya kinanda ni 100. Giovanni Battista Benedetti wa Italia alikwisha kulieleza jambo hili katika kitabu cha 1585.

Kinanda hakishuki kwa kuwa nusu toni zake 12 zimelazimishwa kuwa sawa. Gharama yake ni kwamba mi yake iko juu ya ile safi kwa senti 14.

Uchovu nao hushusha sauti, sikatai. Nilimwomba tu kiongozi atupe do upya baada ya kila ubeti. Alikubali, bila kuiangalia karatasi yangu.