Kupakua Mabehewa: Mchezo wa Treni kama Zana ya Kufundishia Hisabati

Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwalimu wa darasa la sita au la saba namna ya kuutumia mchezo wa kompyuta wa kuendesha treni katika somo la hisabati. Kila zana ya kufundishia huonyesha jambo moja na kuficha jingine. Wajibu wa mwalimu ni kuyafundisha yote mawili.

Mchezo wenyewe

Katika mchezo uitwao Trainz, uliotungwa nchini Australia, mchezaji huweza kupakia shehena mahali pamoja na kuipakua mahali pengine. Kwa mfano, makaa ya mawe huchukuliwa mgodini na kupelekwa kwenye kituo cha kuzalisha umeme. Hapo dereva hupunguza mwendo, treni hupita polepole penye kupakulia, na mzigo wa kila behewa hupungua mpaka ukaisha. Hakuna mtu aonekanaye akibeba chochote.

Je, mchezo unadanganya? La. Nchini Uingereza, kuanzia mwaka 1965, treni za makaa zilipakuliwa kwa njia hiyo hiyo. Mabehewa yalikuwa na milango upande wa chini, nayo ilifunguliwa wakati treni ikitambaa juu ya shimo. Lakini behewa la namna hiyo hufaa kwa shehena imwagikayo tu. Mifuko ya saruji haimwagwi, hubebwa.

Mfano wa pili uko nchini kwetu. Njia ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067 kati ya reli na reli, na ile ya zamani ya Reli ya Kati ina milimita 1,000. Tofauti ya milimita 67 yatosha kulizuia behewa la njia moja lisipite katika njia ya pili. Ndiyo sababu palijengwa Kidatu, mkoani Morogoro, mahali pa kuhamishia shehena kutoka behewa hadi behewa.

Hatua za somo

Kwanza, wanafunzi wachache waendeshe treni katika mchezo, na wenzao waandike muda uliotumika kupakua. Shule isiyo na kompyuta itumie visanduku vya viberiti juu ya reli iliyochorwa sakafuni kwa chaki.

Pili, wanafunzi wafanye zoezi lifuatalo, ambalo tarakimu zake ni za mfano tu. Treni ina mabehewa 10. Kila behewa lina tani 40 za saruji katika mifuko ya kilo 50, yaani mifuko 800. Kundi la wachukuzi 8 likilipakua behewa moja, kila mchukuzi atabeba mifuko 100, ambayo ni tani 5. Iwapo kila mfuko huchukua dakika 2, behewa litamalizika kwa dakika 200. Kundi hilo peke yake litahitaji dakika 2,000 kwa treni nzima, yaani saa 33 na dakika 20, bila kupumzika.

Tatu, mwalimu aulize: tukiwa na makundi 5, kazi itachukua muda gani? Wengi watajibu upesi: saa 6 na dakika 40. Hapo aongeze sharti kwamba jukwaa latosha mabehewa 2 tu kwa wakati mmoja. Makundi 3 yatabaki yakingoja zamu, na kazi itachukua saa 16 na dakika 40. Mwanafunzi atatambua kwamba kuongeza watu hakupunguzi muda mahali penye nafasi finyu.

Tathmini

Mwishoni kila mwanafunzi aandike majibu ya maswali mawili: Mchezo umetuonyesha nini? Umetuficha nini? Asiyeweza kulijibu la pili bado hajalielewa somo, hata kama hesabu zake zote ni sahihi. Amejifunza kwamba tani 5 huondoka kwa kubonyeza kitufe, ilhali katika stesheni nyingi tani hizo hupita mgongoni mwa mtu.