Tuvijue Vyombo vya Jadi Kabla ya Kuvipanda

Wakazi wa kata za mwambao husafiri kwa vyombo vya jadi, lakini si kila chombo kimeundwa kwa safari ya namna moja. Umbo la chombo hueleza kile kinachoweza kustahimili.

Mtumbwi huchongwa katika gogo moja. Hauna kitu cha kando cha kuuzuia usipinduke. Kwa hiyo mahali pake ni mtoni, mikokoni na horini, penye maji matulivu.

Ngalawa nayo ni gogo lililochongwa, aghalabu la mwembe, ila limefungwa matengo pande zote mbili. Hayo ndiyo yanayokiwezesha chombo chembamba kuchukua tanga. Tengo likilegea kamba au kuvunjika, upepo hubaki na nguvu ile ile, bali kinga imeondoka.

Mashua huundwa kwa mbao juu ya mkuku na mataruma. Jahazi huundwa vivyo hivyo, nalo ni kubwa zaidi. Vyombo hivi hutulizwa na uzito uliokaa chini: shehena, au farumi ya mawe pasipo shehena. Mzigo ukirundikwa juu, uzito huo hugeuka hatari.

Hivyo, kabla ya kupanda, abiria atazame mambo matatu: kamba za matengo, mahali ulipowekwa mzigo, na kimo cha ubavu kilichobaki juu ya maji. Maji yakikaribia ukingo, asubiri chombo kingine. Wahenga walikwisha kunena: kawia ufike.