Kabla ya Kuezua Paa: Kibali na Usajili wa Mkandarasi
Kabla bati la kwanza halijang'olewa, tunakushauri ufike katika halmashauri yako uulize iwapo kazi hiyo inahitaji kibali cha ujenzi, hasa unapobadili kenchi au kuweka vigae vya zege, ambavyo ni vizito kuliko bati na huelemea kuta.

Mkandarasi akuoneshe cheti cha Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Nawe uthibitishe kwa Bodi kwamba usajili wake ungali hai.

Mkataba utaje geji ya bati, kwa kuwa geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28. Lipa kwa hatua, kwa stakabadhi. Mkandarasi aliyekwisha kulipwa fedha zote akitoweka, mvua za masika zitakukuta huna paa.