Jenerali Aliyejenga Shule

Samuel Chapman Armstrong alizaliwa tarehe 30 Januari, 1839, katika kisiwa cha Maui, Hawaii, ambako wazazi wake, Wamarekani, walikuwa wamisionari. Huko aliona shule ambazo vijana walijifunza kusoma na kufanya kazi za mikono pia. Jambo hilo hakulisahau.

Mwaka 1862, alipokwisha kuhitimu katika chuo cha Williams, Massachusetts, aliingia katika jeshi la Kaskazini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1863 alipigana Gettysburg, kisha akapewa kuongoza askari weusi. Ushujaa na bidii yao vilimthibitishia kuwa hawakupungukiwa akili, bali walinyimwa nafasi.

Mwaka 1865 vita vilikwisha, na utumwa ukakomeshwa. Watu wapatao milioni 4 walikuwa wametoka utumwani bila ardhi wala fedha, na walio wengi hawakujua kusoma, maana sheria za majimbo kadhaa ya Kusini zilikataza wasifundishwe. Je, nani angewafundisha? Armstrong alijibu: watu wao wenyewe. Basi Aprili, 1868, alifungua shule ya kufunza walimu huko Hampton, Virginia, yenye walimu 2 na wanafunzi 15. Asiye na karo alilipa kwa jasho lake.

Mwaka 1872 alifika kijana maskini, Booker T. Washington. Mtihani wake ulikuwa kufagia chumba. Alikifagia mara tatu, akapangusa vumbi mara nne, akakubaliwa. Mchumia juani hulia kivulini: mwaka 1881 Armstrong alipoombwa mtu wa kuongoza shule mpya ya Tuskegee, Alabama, alimtaja yeye.

Hata hivyo, Armstrong aliwashauri watu weusi wajiepushe na siasa kwa wakati ule. Baadaye msomi mweusi W. E. B. Du Bois aliyapinga mawazo ya namna hiyo, akisema kuwa ufundi pekee hautoshi. Mtu huru hana budi kupata elimu ya juu na haki ya kupiga kura.

Armstrong alifariki tarehe 11 Mei, 1893, akazikwa katika makaburi ya shule, pamoja na wanafunzi wake, kama alivyotaka. Hampton sasa ni chuo kikuu. Msomaji ajifunze hapa mambo mawili: kazi ya mikono si aibu kwa msomi, wala isiwe mpaka wa elimu yake.