Nathani Hakutuma SMS

Somo: 2 Samweli 11:12–15 na 12:1–13, 2 Yohana 12

Jumapili tuliuliza swali na watu wakacheka: ni nani humu ndani ambaye simu ikiita anaiangalia mpaka inyamaze, halafu anaandika "Nambie"? Mikono iliinuka mingi, na si ya vijana peke yao.

Tuanze na hesabu, manake mimi nilisomea biashara na tabia haiishi. Kuandika kulipendwa kwanza kwa sababu ya mfuko. SMS ya kwanza ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, lakini huku kwetu mambo yalichangamka baada ya mwaka 2000, simu za mkononi zilipoanza kumfikia mwananchi wa kawaida. Kupiga kulikuwa ghali. Mtu anaflash, anakata, anangoja apigiwe. Ujumbe mmoja mfupi ulibeba salamu, habari ya mgonjwa na ombi la karo, zote pamoja. Halafu Machi 2007 ikaja M-Pesa, na hata pesa yenyewe ikaanza kubisha hodi kama SMS.

Siku hizi kupiga kumeshuka bei, na bado hatupigi. Kwa hivyo si bei tena. Katika biashara tunafundishwa kwamba kila kitu kina gharama, hata kile kisicholipiwa shilingi. Kupiga simu kuna gharama ya moyo: sauti yako inaweza kutetemeka, mwenzako anaweza kuuliza swali ambalo hukujiandalia, au anyamaze na wewe uusikie ule unyamavu. Ukiandika, unafuta, unaandika upya, unatuma ukiwa tayari, unazima data. Usukani ni wako. Hiyo ndiyo bidhaa tunayoinunua.

Sisemi ni dhambi. Mama aliye sokoni Taveta siku ya soko, mikungu ya ndizi inapakiwa na makelele yote yale, atasikia simu saa ngapi? Ndugu yetu kiziwi amefunguliwa mlango na ujumbe wa kuandika. Mtume Paulo mwenyewe alichunga makanisa kwa barua, na 2 Wakorintho 10:10 inatuonyesha kuna waliomnong'ona kuwa barua zake ni kali lakini akija mwenyewe hana uzito. Hili la kuwa simba kwenye maandishi halikuanzia WhatsApp.

Sasa mtazame Daudi. Uria ameletwa kutoka vitani, wanakula na kunywa pamoja, na mfalme hana neno moja la kweli la kumwambia. Asubuhi anaandika barua kwa Yoabu, na anampa Uria huyo huyo aibebe. Jambo ambalo mdomo ulishindwa kulitamka mbele ya uso wa mtu, kalamu ililiandika bila shida.

Sisi Wakenya tunaijua kalamu hiyo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, maneno ya chuki yalisambaa kwa SMS. Mtu anafowadi kabla hajamaliza kusoma. Serikalini kukawa na wazo la kuzima SMS kabisa, na Michael Joseph, aliyeongoza Safaricom wakati huo, akashauri afadhali zitumwe jumbe za amani. Zikatumwa kwa mamilioni ya wateja. Chombo ni kilekile. Ila jiulize, wangapi kati ya waliofowadi wangeweza kusimama mlangoni kwa jirani na kuyasoma maneno yale kwa sauti?

Turudi nyumbani. Leo grupu la matanga linaundwa kabla mwili haujafika mochari. Namba ya mweka hazina inawekwa, michango inaingia, na "Poleni sana familia" zinapangana arobaini, zote zimekopiwa ile ya kwanza. Mchango siudharau, bili ya hospitali hailipwi kwa machozi. Lakini muulize mjane ni nani alikuja kuketi naye baada ya mazishi, watu walipotawanyika. Atahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Halafu kuna nyanya zetu, na hawa tumewasahau kabisa. Nyanya asiyejua kusoma, au macho yamechoka, ujumbe wa mwanawe aliye Mombasa anasomewa na mjukuu. Kwa hivyo mtoto ndiye anayejua kwanza kwamba ndoa ya mjomba imevunjika, na nyanya analia mbele ya mtoto. Kijana, mpigie mamako. Hajali kama una la maana la kusema. Yeye anasikiliza kama umekohoa.

Nathani alikuwa na ujumbe mzito, tena kwa mtu aliyeweza kumwua. Alikwenda. Alianza na hadithi ya mwana-kondoo, akamwacha Daudi akasirike, ndipo akamwambia mtu huyo ni wewe. Kwa SMS isingefanya kazi: Daudi angesoma mstari wa kwanza, zikabaki tiki mbili za bluu. Na mzee Yohana anasema ana mengi ya kuandika, lakini anaweka chini karatasi na wino kwa sababu anataka waonane uso kwa uso, furaha ikamilike. Kumbe kuna sehemu ya furaha ambayo wino haifikishi.

Kabla ya ushirika wa nyumbani wiki hii, fungua simu utafute yule mtu ambaye ujumbe wake umeuandika na kuufuta mara tatu. Ukimpata, umepata wa kumwendea. Kama yuko hapa Bomeni, nenda kwa miguu. Kama yuko Voi, panda matatu. Kama yuko mbali zaidi, piga, na ikianza kuita usikate. Viongozi wa ushirika watauliza tu kama ulienda. Mliyozungumza, kwa mujibu wa Mathayo 18:15, ni yenu wawili.