Mfereji au Mlango? Istilahi na Kazi ya Potasiamu katika Misuli ya Utumbo

Utangulizi

Makala haya yanafafanua jinsi potasiamu inavyodhibiti mwendo wa misuli ya utumbo wa binadamu, kisha yanajadili istilahi ambayo uteuzi wake unaweza kusaidia au kupotosha ufafanuzi huo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Lugha rasmi isiyoweza kumweleza mgonjwa kinachotendeka tumboni mwake itakuwa rasmi kwa jina tu.

Mkazo na Ulegevu

Ukuta wa utumbo una tabaka mbili kuu za misuli laini: moja imeuzunguka utumbo mithili ya pete, nyingine inafuata urefu wake. Mdundo wa misuli hii huanzishwa na seli zinazoitwa kwa jina la Mhispania Santiago Ramón y Cajal, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1906. Mwanzoni mwa utumbo mwembamba, mawimbi ya umeme yapatayo 12 hupita kila dakika. Mwishoni mwake hupungua hadi takribani 8.

Ndani ya seli ya misuli mna potasiamu nyingi, takribani mara 30 kuliko iliyo nje. Kwenye utando wa seli kuna protini zenye tundu linalopitisha potasiamu. Tundu linapofunguka, potasiamu hutoka. Kwa kuwa ina chaji chanya, ndani ya seli huzidi kuwa na chaji hasi. Hali hiyo huzifunga njia za kuingizia kalsiamu, na misuli ikikosa kalsiamu hulegea. Ajabu ni kwamba baadhi ya tundu hizo hufunguliwa na kalsiamu yenyewe ikiongezeka ndani ya seli. Kile kinacholeta mkazo ndicho pia kinachoandaa mwisho wake.

Ulegevu huu ni sehemu ya kazi. Chakula husogea kwa sababu misuli iliyo nyuma yake hukaza huku iliyo mbele ikilegea. Ikikaza yote kwa pamoja, chakula hakiendi popote.

Uteuzi wa Istilahi

Tuziiteje protini hizi? Wapo wanaopendelea "mfereji". Neno hili humjengea msomaji taswira ya maji yatiririkayo bila kizuizi, ilhali kiini cha somo ni kufunguka na kufungika. Tunapendekeza "mlango wa potasiamu". Kiswahili tayari kina "mlango wa bahari" katika jiografia na "mlango wa kizazi" katika tiba. Hivyo neno hili si geni baharini wala mwilini. Ni kweli kwamba baadhi ya protini hizi hubaki wazi kwa muda mrefu, na hapo "mfereji" lingefaa. Hata hivyo, mlango ulioachwa wazi ungali mlango.

Mfano wa Mgonjwa

Faida ya istilahi hii huonekana tunapomweleza mtu aliyeharisha na kutapika kwa siku nyingi. Mwili wake hupoteza potasiamu. Potasiamu ikipungua nje ya seli, ile ya ndani huelekea zaidi kutokea mlangoni. Seli huzidi kuwa hasi na huwa vigumu kuisisimua. Matokeo yake, utumbo uliokuwa ukienda mbio unaweza kuzorota au kusimama, tumbo likavimba na hewa isitoke. Mgonjwa huyo anahitaji kufikishwa hospitalini bila kuchelewa. Ndiyo maana dawa ya unga anayopewa mwenye kuharisha, ichanganywayo na maji, huwa na potasiamu, kitu ambacho mchanganyiko wa sukari na chumvi ya mezani pekee hauna.

Hitimisho

TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Msingi, basi, upo. Jukumu la mwanafunzi wa Kiswahili ni kuzijaribu istilahi ndani ya maelezo kamili, mbele ya msikilizaji anayehitaji kuelewa. Istilahi inayoshindwa kumfikia mgonjwa kitandani haijakomaa, hata ikiwa imekwisha kuingizwa kamusini.