Mgeni ni Nani?



Katika lugha yetu neno "mgeni" lina maana mbili. Ni yule aliyekuja kututembelea, ambaye twamwekea kiti na kumchinjia kuku. Tena ni mtu tusiyemjua, aliyepotea njia mtaani kwetu. Zipo lugha za Ulaya zenye maneno mawili mbalimbali kwa watu hao. Wazee wetu hawakuona haja. Je, sisi wa mijini bado twaona kama walivyoona?

Twauliza hivyo kwa sababu ya habari tuliyosimuliwa huko Msasani, Dar es Salaam. Kijana mmoja kutoka bara alishuka garini usiku, akaingia vichochoroni kumtafuta shangazi yake. Simu yake ilikuwa imezimika, na namba ya shangazi ilikuwa humo humo. Akabisha mlango wa kwanza, akabisha wa pili; wa tatu haukufunguliwa, bali alisikia sauti ya ukali ikiuliza ni nani huyo anayezungukazunguka. Wasomaji wa mijini wanalijua neno ambalo hufuata hapo. Likishapigwa neno hilo, mawe na fimbo huja upesi kuliko maswali, na wako waliokufa hivyo nchini mwetu bila ya hakimu kuwasikiliza. Vijana wanne walikuwa wamekwisha toka nje. Ndipo mama mmoja, aliyekuwa akiosha vyombo vyake vya kupikia vitumbua mbele ya nyumba, alipoinua kichwa akasema, "Mwanangu, unamtafuta nani?"

Kijana akataja jina. Mama akamsogezea kigoda, akampa maji, akamtuma mtoto kwenda kuulizia. Wale wanne wakabaki wamesimama, hawana la kufanya, hata mmoja wao akaanza kumwelekeza.

Twaomba msomaji alipime tendo hilo. Gharama yake ni maneno matatu na kikombe cha maji. Bwana wetu hakukidharau kikombe cha namna hiyo. Katika Injili ya Mtakatifu Mateo, sura ya 10, alikiahidia thawabu. Na katika matendo saba ya huruma ya kimwili, tuliyofundishwa tangu katekisimu, yamo kumnywesha mwenye kiu na kumkaribisha msafiri. Mama yule aliyatimiza mawili kwa mara moja, mikono yake ingali na sabuni.

Twamsifu Msamaria mwema kwa dinari zake mbili. Lakini tuisome tena sura ya 10 ya Mtakatifu Luka: fedha zilikuja mwishoni kabisa. Kwanza alisogea karibu. Wenzake wawili walipita upande wa pili wa njia, na wa kwanza wao alikuwa kuhani. Yatupasa sisi mapadre tuisome sehemu hiyo polepole. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Fratelli Tutti wa mwaka 2020, aliufanya mfano huo kuwa msingi wa sura nzima ya pili.

Mtu atasema: wezi wapo. Ni kweli, wapo. Hatusemi kila abishaye usiku afunguliwe. Mama yule hakumwingiza kijana chumbani. Alimwuliza nje, mbele ya watu. Kumwuliza mtu shida yake si kumkabidhi funguo.

Wengine hutaja methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye alikuwa na makazi Msasani hiyo hiyo, aliitumia katika andiko lake juu ya Ujamaa mwaka 1962, kuonyesha kwamba katika jamaa kila mtu ni mfanyakazi. Siku hizi twaitumia kumfukuzia mtu. Lakini zile siku mbili zimo ndani ya methali, nasi twazisahau. Na apewaye jembe amepewa nafasi shambani, amekwisha kuwa mwenyeji.

Wala wema huu haujafa. Katika daladala iliyojaa, aliyeketi humpakata mtoto wa aliyesimama bila kuulizana kabila wala dini. Pwani, mpita njia huitwa kusaidia kuvuta ngalawa, naye huivuta. Na Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilipoanguka ziwani Bukoba ikiwa na watu 43, wavuvi waliifikia kwa mitumbwi yao. Watu 19 walikufa, 24 waliokoka. Wavuvi hawakungoja kujua ndani yumo nani.

Wazazi, twawafundisha watoto wasifuatane na watu wasiowajua, na ndivyo inavyofaa. Lakini wawaone pia baba na mama wakimsalimu mtu huyo, wakimwuliza aendako. Mtoto aliyetumwa usiku ule alirudi na shangazi mwenyewe, khanga begani, analia na kucheka.

Kijana sasa anakaa Msasani. Asubuhi hununua vitumbua kwa yule mama, naye humwongezea kimoja, akisema kwamba siku zake mbili bado hazijaisha.